Naomba ushauri: kiwanja cha mirathi Fuoni, kodi ya ardhi haijalipwa

Assalaam alaykum. Nimeonyeshwa kiwanja Fuoni, bei yake rahisi hata inatia shaka. Kodi ya ardhi haijalipwa miaka mingi, hati bado ina jina la marehemu. Warithi wametawanyika, mmoja yuko Omani, wengine Pemba, na anayeuza ni kaka mkubwa peke yake, mkononi ana karatasi tu ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa. Dalali anasema, "Lipa deni, kiwanja chako." Siafiki. Ardhi Zanzibar ni ya Serikali, sisi tuna haki ya kuitumia tu, na kumlipia mtu kodi hakunipi haki hiyo. Na mafungu ya dada zake je? Mirathi haijagawiwa.

Jirani naye kaninong'oneza kuwa huenda ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Ikiwa kweli, basi yamekwisha, wakfu hauuzwi.

Wenye uzoefu, nianzie wapi: Kamisheni ya Ardhi nikaangalie kama hati ina zuio, Kamisheni ya Wakfu, au niwaambie kwanza waende Mahkama ya Kadhi? Na deni nilikate kwenye bei, au walipe wao kabla sijatoa hata shilingi?