Mjadala: Kila kontena likatwe tozo kwa ajili ya mji unaopakana na bandari?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Mimi nasema kila kontena likatwe tozo ndogo, na pesa hiyo isiende hazina kuu wala isibaki kwa mamlaka ya bandari. Iingie kwenye mfuko wa mji unaopakana na bandari.

Bandari ya zamani ilikuwa ya polepole, na mji ulikula humo humo kwenye upolepole wake. Meli ya mizigo mchanganyiko ilikaa gatini wiki nzima au zaidi, gunia kwa gunia, makuli wakipokezana zamu ndani ya ngama, tumboni mwa meli. Mabaharia walishuka na mishahara mifukoni. Mafundi, wenye nyumba za kulala wageni, wachuuzi, kila mmoja alipata chake. Kisha Aprili 1956 meli Ideal X ikaondoka Newark kwenda Houston na makontena 58 juu ya sitaha, na mambo yakageuka dunia nzima. Leo meli yenye maelfu ya makontena inafunga kamba leo, kesho imeondoka. Kazi ya genge zima imebaki kwa mtu mmoja aliyeketi kwenye kibanda cha kreni, na wachache walio chini wakifunga na kufungua vyuma vinavyoshika makontena.

Kilichobakia mjini ni malori, moshi na barabara zilizodidimia. Faida inatupitia juu kwa juu kwenda bara. Nawasikiliza.

Wakala wa forodha
Mkuu, nakuheshimu lakini hapo umeteleza. Mteja wangu tayari analipa ada ya gati, ada ya kupakua, storeji siku za bure zikiisha, na demareji kwa mwenye meli akichelewa kurudisha kontena. Ongeza tozo moja na itakwenda kukaa kwenye bei ya bidhaa dukani. Huyo unayemtetea ndiye atakayeilipa.

Halafu jibu hili: makontena yanayoshushwa ili kupakiwa kwenye meli nyingine utayafanyaje? Singapore sehemu kubwa ya mzigo wake ni wa aina hiyo, haugusi barabara ya mtu. Huo ni mzigo wenye miguu. Ukiutoza, mwenye meli anahamia bandari jirani na hata barua hakuandikii.

Mkaazi wa karibu na geti
Nyote mnaongea pesa. Mimi nataka kulala.

Meli ikiwa gatini haizimi kila kitu. Injini kubwa inalala, ila jenereta zinanguruma usiku kucha kwa ajili ya taa, pampu, na makontena ya baridi. Asubuhi napangusa kizingiti cha dirisha, kitambaa kinatoka cheusi, na masizi yake yana mafuta, maji peke yake hayayatoi. Nguo nimeacha kuanika upande wa bandari. Dawa yake inajulikana: meli ivutiwe umeme wa nchi kavu, jenereta zizimwe. Bandari ya Göteborg, Sweden, walianza mwaka 2000. California imezibana meli kwa sheria tangu 2014, na Umoja wa Ulaya umeziwekea bandari zake kubwa kikomo cha mwaka 2030. Hiyo tozo yenu ikinunua soketi ya umeme gatini, naiunga mkono kesho. Ikinunua jengo la ofisi ya kusimamia tozo, msinitaje.

Na jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza: tuambiwe kilichomo yadini. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, kililipuka kitu kilichokuwa kimekaa ghalani tangu 2014, tani 2,750 za ammonium nitrate, kemikali ya kutengenezea mbolea na baruti. Walikufa watu zaidi ya 200. Wafanyakazi wa bandari walikuwemo, lakini wengi walikuwa watu wa mjini tu, nyumbani kwao na barabarani.

Wakala wa forodha
Dada, hilo la mizigo hatari sibishani nalo. Manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, inaonyesha. Tatizo ni nani anaisoma.

Dereva wa trela
Naona tunasemwa sana humu, wacha niseme na mimi. Hakuna dereva anayependa kupaki mbele ya nyumba ya mtu. Tunapaki pale kwa sababu geti linaita malori yote asubuhi moja, na ndani yadi haina nafasi. Unalala kwenye kiti, haja zako unajua mwenyewe unazimalizia wapi.

Mleta mada, kabla hujaipenda tozo yako, angalia yaliyotokea kwenye bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani. Mwaka 2005 waliweka ada kwa makontena ya mchana ili mzigo uhamie usiku. Ukahamia kweli. Lakini malori yakawa yanajazana nje kabla ya saa kumi na mbili jioni, yakingoja saa ya bure ifike. Foleni ilibadilisha saa tu. Mwaka 2018 wakafuta tofauti hiyo, ada ikawa moja mchana na usiku, na malori yakawekewa miadi. Kwa hiyo tozo si pesa tu, inawapanga watu. Ukiiweka vibaya utamletea huyo dada foleni ya saa nane usiku.

Kuli mstaafu
Vijana, hili la kudai fungu katika mashine si geni. Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya kiongozi wa chama chao, Harry Bridges, walikubali mashine ziingie, na waajiri wakakubali kuchangia mfuko wa dola milioni 5 kwa mwaka. Watu walistaafu mapema wakiwa na kitu mkononi, na waliobaki wakahakikishiwa ujira. Lakini angalieni nani alilipwa: mwanachama aliyekuwa kwenye daftari. Mama aliyekuwa akiwauzia chai nje ya geti hakupata senti, na hakuna aliyemuuliza. Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada. Mji hauna chama.

Mleta mada
Mzee wangu, asante, umenisemea.

Narekebisha pendekezo. Mzigo wa kuhamishwa meli kwa meli usiguswe, wakala yuko sahihi. Tozo ipigwe getini, kontena likitoka au likiingia. Los Angeles na Long Beach wanafanya karibu hivyo tangu Aprili 2022: dola 10 kwa kila kontena la futi 20 lenye mzigo, fedha zinasaidia kununua malori yasiyotoa moshi, na lori la namna hiyo kontena lake halilipi. Hapo kwenye msamaha ndipo penye akili. Mfuko ufanye mambo matatu tu, umeme gatini, maegesho ya malori yenye vyoo, na barabara, na hesabu zibandikwe getini kila mwezi.

Dereva wa trela
Na kontena tupu je? Narudisha matupu kila wiki, nayo yanapita geti lile lile.

Mleta mada
Nayo yakatwe. Nafasi yadini linachukua ile ile.

Dereva wa trela
Nafasi sawa, barabara si sawa. Wahandisi wanasema uzito kwenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ukizidi mara mbili, uharibifu wa lami unapanda karibu mara 16. Tupu halichimbi shimo. Ukilitoza sawa na lililojaa saruji umeonea.

Wakala wa forodha
Na tupu ni la mwenye meli, si la mteja wangu. Mzigo ulishashushwa. Mkitaka kulikata, mpelekeeni yeye ankara.

Mkaazi wa karibu na geti
Mpelekeeni yeyote. Hata tupu likishushwa usiku wa manane linalia kama ngoma.