Gitaa la kuundwa kwa mkono au la kiwandani? Naomba ushauri kabla sijapanda boti

Mchuma Karafuu, Chake Chake

Asalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie niko Pemba. Napiga gitaa mwaka wa nne sasa, nimejifunza kwa simu na kwa kumtazama kaka mmoja wa jirani. Gitaa ninalopigia ni la kuazima na mwenyewe keshalitaka. Msimu huu karafuu zimezaa. Nimechuma, nimeanika, nimeuza, na nimeweka kando laki nane ambazo nimeapa haziingii kwenye bati wala kwenye kitu chengine.

Sasa nimekwama baina ya mawili. Unguja yuko seremala mmoja, fundi wa makasha na milango, ambaye siku hizi anaunda na magitaa. Kanitumia picha. Mgongo wa mninga unang'aa mpaka unajiona uso, na kuzunguka tundu kachonga maua kama ya mlango wa Mji Mkongwe. Anataka laki saba na nusu. La pili ni la kiwandani, limetumika, lina jina kubwa, mwenyewe anataka laki tatu na nusu.

Napenda nyuzi za nailoni. Nataka nipige taarabu za zamani kwa vidole, peke yangu, jioni barazani. Naondoka Alkhamisi na nitakuwa Unguja siku mbili tu. Nitazame nini?

Kijana wa Jang'ombe

Chukua la kiwandani, ndugu yangu. Langu la plaiwudi mwaka wa sita huu, masika limekuta, jua limekuta, halijapasuka wala shingo haijapinda. Hizo laki nne na nusu zitakazobaki nunua begi gumu na nyuzi za miaka mitatu. La fundi ukilikosea huna pa kulirudisha.

Mpiga Udi wa Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu. Maneno yako nimeyasoma mara mbili, na nimeona kwamba gitaa la fundi umelieleza kwa mgongo. Mgongo, maua, mng'aro. Uso hukuutaja hata kwa neno moja, ule ubao wa mbele wenye tundu. Sauti inazaliwa pale.

Hispania alikuwako fundi akiitwa Antonio de Torres. Alifariki mwaka 1892, na magitaa ya nailoni ya leo bado yanafuata umbo lake. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi ngumu iliyogandishwa, na uso peke yake ndio mbao nzuri. Alitaka watu waone kwa macho yao kwamba uso ndio unaobeba sauti, na mgongo unasaidia tu. Kwa hiyo ukifika kwa huyo seremala, swali la kwanza liwe: uso ni mti gani?

Mafundi wa gitaa duniani wanatumia miti miwili zaidi kwa kazi hiyo, sprusi na mwerezi. Sababu yake ni kwamba miti hiyo ni myepesi na wakati huohuo migumu kupinda. Mninga, mkangazi na msaji ni mbao za fahari, na zinafaa mgongo, mbavu na shingo. Mpingo ni mzito hata ukiutia majini unazama, unafaa ule ubao wa vidole ulio juu ya shingo. Lakini ukiufanya mninga kuwa uso, nyuzi za nailoni hazina nguvu ya kuutikisa. Utapiga, sauti itatoka fupi, itakufa pale pale. Kisha tazama mistari ya uso. Iwe imenyooka, imekaribiana, inakwenda sambamba na nyuzi. Chungulia ukingo wa tundu kwa tochi: mistari ya juu ikiendelea kushuka ndani ya unene wa ubao, huo ni ubao mzima. Ukiona tabaka zimelaliana, ni plaiwudi. Kijana wa Jang'ombe kasema kweli, plaiwudi haipasuki ovyo. Lakini haifunguki sauti vilevile. Utakavyoisikia siku ya kwanza ndivyo utakavyoisikia mwaka wa kumi.

Ingiza simu tunduni upige picha ndani. Utaona vijiti vimebandikwa chini ya uso, mie nayaita mataruma, kwa sababu yanafanya kazi ileile ya mataruma ya jahazi: yanauzuia uso usibonyee bila ya kuuzuia usicheze. Gonga uso kwa ncha ya kidole, taratibu, mahali pengi. Ukisikia mtetemo kama nyuki, kuna taruma limeachia.

Sasa jambo ambalo maseremala wengi wazuri wanalikosea. Mtu anaweza kuchonga mlango wa kuwastaajabisha wageni na bado asijue kupanga freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza ubao wa vidole. Freti hazipangwi kwa jicho, ni hesabu. Urefu wa uzi kutoka kijiti cha mfupa cha kichwani mpaka kile cha darajani, pale nyuzi zinapofungwa kwenye uso, kwenye gitaa la kawaida la nailoni, ni milimita 650. Unaugawa kwa 17.817 unapata freti ya kwanza, milimita 36.5 hivi. Urefu uliobaki unaugawa tena vilevile, mpaka mwisho. Wewe huna haja ya kupima zote. Chukua rula ya chuma, siyo tepu ya cherehani maana inavutika. Pima kutoka kichwani mpaka freti ya 12: iwe 325 kamili. Kutoka hapo mpaka darajani iwe 325 na nyongeza ya milimita moja au mbili, kwa sababu uzi ukiubonyeza unakazika na sauti inapanda kidogo. Halafu hakikisha kwa sikio. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapohapo upige. Zilingane. Ikipishana kidogo, mfupa wa darajani unatengenezeka. Ikipishana sana na freti nyengine nazo zimekosewa, liache, hata kama fundi ni binamu yako. Hilo halitibiki mpaka ubao wa vidole ubadilishwe.

Shingo itazame kama seremala anavyotazama ubao, jicho moja, kutoka kichwani. Na urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12 uwe milimita 3 kwa uzi mwembamba na 4 kwa mnene. Zaidi ya hapo vidole vitaumia na utaliacha ukutani.

Jengine ni la kwangu mwenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa na gitaa la nailoni, zuri, nililopewa na ami yangu. Nyuzi zikakatika, dukani nikakuta za chuma tu, nikazifunga. Usiku wa tatu tumelala tukasikia kishindo. Daraja limeng'oka na limechukua kipande cha uso. Nyuzi sita za nailoni zinavuta kiasi cha kilo 40, za chuma zinapita 70. Uso ulioundwa kwa nailoni haustahimili. Mpaka leo nikiliona lile daraja kwenye kikasha changu, moyo unaniuma. Ukiondoka Unguja nunua seti mbili za nailoni, usije ukasema leo tu nitafunga za chuma.

Kuhusu taarabu, ujue mapema. Gitaa lina freti, na freti hazijui robo sauti, zile zinazokaa baina ya freti mbili. Maqamu, yaani njia za sauti, za bayati na rasti hutozipata sawasawa, hizo ziachie udi na fidla. Lakini hijazi, nahawandi na ajam zinatoka vizuri, na nyimbo za kupiga ndani yake zitakutosha miaka.

Muulize fundi mbao zake kazikausha muda gani, na gundi gani kaitumia. Gundi ya ngozi inafunguka kwa joto na mvuke, gitaa likaumwa linatibika. Gundi nyeupe ya maseremala ina tabu lakini inawezekana. Ile ya kuchanganya vichupa viwili, ikishika imeshika.

Nenda kwake mara mbili, asubuhi na tena baada ya Alasiri. Ukilisikia limebadilika sana kwa saa chache, mbao bado hazijatulia. Uso ukiwa sprusi au mwerezi na freti zimepangwa sawa, mie ningechukua la fundi. Aliyeliunda anajua kila kijiti kilichomo, na yuko upande wa pili wa bahari tu.

Mpigaji wa Hotelini, Paje

Ami kasema yote ya kununua, mie nasema ya kuishi nalo. Napiga hotelini usiku nne kwa wiki. Mchana gitaa liko ufukweni kwenye unyevu, usiku linaingia ukumbi wa kiyoyozi. Viwandani magitaa yanaundwa kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, na yetu mara nyingi inapita 75. Mbao zinakunywa, uso unavimba kidogo, nyuzi zinapanda juu. Ukiliingiza kwenye kiyoyozi ghafla, zinakauka haraka na hapo ndipo uso unapopasuka. La kwangu la kwanza la mkono lilipasuka hivyo, mstari kutoka daraja mpaka chini.

Kwa hiyo kaka, la mkono liwe la nyumbani. Likae begini, lisitundikwe ukutani, maana kuta zetu za mawe zinatoa maji. Ndani ya begi tia vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya, na uviweke juani kila baada ya wiki. Usiliache ndani ya gari wala chini ya bati, joto linalainisha gundi. Na ukishakula urojo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika nyuzi.

Kama ungekuwa unazunguka nalo kama mie, ningekwambia la plaiwudi. Lakini umesema barazani, jioni, peke yako. Hilo ni jambo jengine kabisa.

Mchuma Karafuu, Chake Chake

Nimerudi jana. Nawashukuru nyote, na ami nakuandikia kwa kirefu kwa sababu rula yako imeniokoa.

Lile la maua freti zake sawa, 325 kamili. Lakini uso ni mninga, mgongo mninga, kila kitu mninga. Nikalipiga. Zuri kulitazama, na sauti ndiyo uliyoisema: inatoka, inakufa. Nikamwambia fundi kwa adabu kwamba uso ni mzito. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na gitaa jengine lisilo na hata ua moja. Mgongo wa mkangazi, rangi ya chai ya rangi. Uso mweupe wa manjano, mistari kama uzi wa kushonea.

Akanambia alipewa piano mbovu iliyotolewa kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, imeliwa na mchwa miguu na ubavu, lakini ule ubao mkubwa wa ndani ni sprusi na ulikuwa mzima. Kaupasua, kaupiga randa mpaka milimita mbili na nusu. Ubao wa miaka mingi hewa hii hii ya kwetu, umeshakunywa na kukauka masika na kaskazi sijui ngapi. Hakuwa amelionesha kwa mtu kwa vile wateja wanauliza maua.

Nikakaa kwenye gogo lake nikapiga nahawandi polepole. Ami, uzi wa chini ulivyolia niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Mwanafunzi wake aliyekuwa anapiga msasa akaacha. Uzi mnene ulikuwa umepanda kidogo kwenye freti ya 12, fundi akaukata ukingo wa mfupa kwa tupa, nusu saa, ukakaa sawa. Asubuhi ya pili nikarudi, sauti ileile. Gundi ni ya ngozi, anaichemsha mwenyewe. Nimelipa laki sita, na seti tatu za nailoni ninazo begini.

Kwenye boti nililipakata mpaka Mkoani.

Mpiga Udi wa Kikwajuni

Mwanangu, umenipa furaha. Uso wa piano sikuwahi kuuona kwenye gitaa la hapa. Lipige kila siku japo robo saa, daraja na mataruma bado mageni kwa ubao huo, na miezi ya mwanzo utasikia sauti nene ikizidi kufunguka. Usilipake mafuta ya nazi wala polishi ya makabati, kitambaa kikavu tu.

Leo usiku pima urefu wa nyuzi pale freti ya 12 na uandike kipimo kwenye karatasi, ukiweke begini. Masika yakiingia pima tena uniletee tofauti. Ikizidi milimita moja, usiguse kitu, nitamwendea fundi mwenyewe nimuulize kabla hujapanda boti.