Mbegu za klova tamu hazioti, Lushoto

Mkulima wa Soni: Wakuu, nimepanda klova tamu, mmea wa malisho jamii ya kunde, kwa ajili ya ng'ombe na nyuki. Wiki ya tatu sasa, imeota michache tu. Tatizo nini?

Shamba Darasa: Ganda lake gumu, maji hayapenyi. Sugua mbegu kwa msasa mpaka ganda lipoteze mng'ao, bila kuzivunja. Fukia sentimita 1 tu. Kilo 5 kwa ekari. Udongo wenye tindikali huidumaza, tia chokaa kwanza.

Mama Mizinga: Kata nusu, nusu iachie nyuki. Bakiza shina la sentimita 25, la sivyo haichipui tena. Na tafadhali ndugu yangu, iliyokaushwa ikiota ukungu usimpe ng'ombe kabisa! Kumarini, kemikali ya asili iliyomo kwenye klova hii, hugeuka sumu iitwayo dikumaroli, damu haigandi, mnyama huvuja damu ndani kwa ndani hadi kufa.