Kurudia jaribio la PEAR shuleni: biti za nasibu zinapatikanaje, na duru ngapi zinatosha?

kidato_fizikia:
Wakuu, habari zenu. Klabu ya fizikia ya kidato cha sita inataka kurudia kwa udogo jaribio la maabara ya PEAR ya Princeton (1979–2007, Robert Jahn na Brenda Dunne): mtu anakaa mbele ya mashine ya biti za nasibu, ananuia jumla ipande au ishuke, basi. Tuna Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) moja. Programu inasoma pini A0 isiyounganishwa na kitu, inachukua biti ya mwisho ya kila usomaji na kujumlisha biti 200 kwa duru. Wastani umegoma kwenye 103 badala ya 100, hata chumba kikiwa kitupu. Biti safi tunazipataje? Na duru 1,000 kwa kila mwanafunzi zinatosha?

emita_tupu:
A0 achana nayo, mkuu. Pini inayoning'inia ni antena: inanasa umeme wa ukutani wa 50 Hz, na mtu akisogeza mkono tu usomaji unabadilika. Atakayekaa karibu zaidi ndiye ataonekana ana nia kali.

Tumia transista 2N3904. Kolekta iache wazi, besi ipeleke grauni, emita ipeleke +12 V kupitia rezista ya 100 kΩ. Kiungo cha besi na emita kikigeuziwa umeme hivyo huvunjika volti zikishapita 6 na ushei, na kelele inazaliwa hapo. Ndiyo maana 5 V za USB hazifai. Vuta kelele kwenye emita kwa kapasita ya 0.1 µF, ikuze mara mia kadhaa kwa hatua mbili za TL072 (chipu ya kukuza mawimbi) (katikati yake iweke kwenye 6 V kwa rezista mbili za 10 kΩ), halafu ipeleke kwenye LM393 (chipu ya kulinganisha volti mbili, inayotoa sifuri au moja). Mguu wa pili wa LM393 upe wimbi hilohilo lililopita kwenye rezista ya 100 kΩ na kapasita ya 10 µF, ili mpaka wa sifuri na moja ufuate wastani joto linapobadilika.

Wengi hukwama hapa: LM393 haisukumi volti juu yenyewe. Bila rezista ya 10 kΩ kutoka kwenye tokeo lake hadi 5 V ya Arduino utapata takataka au sifuri tupu. Ukiipeleka 12 V badala ya 5 V, unahatarisha pini ya Arduino. Grauni za betri na Arduino ziungane. Sehemu ya kelele ilishwe na betri ya 12 V, si adapta, na ikae ndani ya kopo la bati lililounganishwa na grauni.

Soma mara 1,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mzunguko mmoja wa 50 Hz ni biti 20, kwa hiyo pima kila biti inavyofanana na ile ya 20 nyuma yake. Ukiona uhusiano, kopo linavuja.

sigma_saba:
Saketi hiyo ni nzuri lakini bado itaegemea upande kidogo. Kuondoa upendeleo huo tumia njia ya von Neumann: chukua biti mbilimbili, 01 iwe 0, 10 iwe 1, 00 na 11 tupa. Utabaki na kama robo, yaani biti 250 kwa sekunde, zinazotosha duru moja. PEAR wao waligeuza kila biti ya pili, ili upendeleo ujifute. Hapo pana swali ambalo mashabiki hulikwepa: nia ikisukuma volti za kelele upande mmoja, kugeuza huko kunaifuta pia. Dai linabaki kwamba nia inaifikia jumla ya mwisho, si transista.

Kabla mtu hajakaa kitini, acha mashine peke yake iandike duru 100,000. Wastani uwe kati ya 99.956 na 100.044, varianzi (kipimo cha mtawanyiko) kati ya 49.56 na 50.44. Mashine isiyo na kasoro nayo hutoka nje ya kila mpaka mara 1 kwa 20, kwa hiyo ikitoka rudia. Ikitoka tena upande uleule, fungua kopo.

Sasa idadi. PEAR, kwa jumla ya duru zipatazo milioni 2.5 (zikiwemo za bila nia), walitoa wastani wa 100.026 kwa kupanda na 99.984 kwa kushuka. Mchepuko sanifu (myumbo wa kawaida) wa duru moja ni 7.07. Ukiwa na duru 1,000, wastani wako unayumba kwa 0.22, zaidi ya mara nane ya kitu unachokitafuta. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti ile ya 0.042 kati ya kupanda na kushuka, kwa kipimo cha upande mmoja cha asilimia 5, unahitaji duru kama 350,000 za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Kwa duru moja kwa sekunde ni saa 97 kila upande. Gawaneni darasa zima.

Na maabara za Freiburg na Giessen za Ujerumani pamoja na PEAR wenyewe walipolirudia jaribio hili kwa pamoja, ripoti ya 2000 ilionyesha kuwa matokeo ya msingi hayakujirudia. Uchambuzi wa 2006 wa tafiti 380 uliona utafiti ukiwa mkubwa athari inapungua, dalili kwamba majaribio madogo yaliyokosa kitu yaliishia kabatini bila kuchapishwa.

kidato_fizikia:
Tumeelewa, mkuu. Tukiangalia kila wiki na kusimama ikifika p (uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama hayo) chini ya 0.05?

sigma_saba:
Hapana. Ukichungulia mara kumi, uwezekano wa kushangilia bure unapanda kutoka asilimia 5 hadi kama 19. Andikeni idadi ya duru mapema, mpeni mwalimu karatasi. Kupanda au kushuka iamuliwe na sarafu kila baada ya duru 1,000, kabla mashine haijawashwa, na faili ijiandike yenyewe bila kuonyesha jumla. Mwisho hesabu moja tu kwa kila upande: z = (jumla − 100n) / √(50n), n ikiwa idadi ya duru za upande huo, kisha tofauti ya z ya kupanda na ya kushuka igawe kwa √2, n zikiwa sawa. Duru iliyokatika katikati kwa sababu umeme wa kompyuta umezimika, kanuni ya kuitupa iwe kwenye karatasi ileile.