Mrejesho: mkate wa mayai katika oveni ya feni

Mwezi uliopita niliuliza kwa nini mkate wangu wa mayai ulikuwa ukiungua juu huku katikati ukibaki na uji, tangu nilipoanza kutumia oveni ya feni hapa nyumbani Ngamiani, Tanga. Nawashukuru wote mlionijibu, hasa dada aliyeeleza kwamba feni haiongezi moto, bali huisukuma hewa ya moto izunguke chombo pande zote na kuondoa ile hewa ya ubaridi inayouzingira unga, ndiyo maana chakula hupata joto upesi kuliko katika oveni ya kawaida.

Nilikuwa nikifuata nyuzi 180 za Selsiasi kama ilivyoandikwa katika daftari la mama, ambaye oveni yake haikuwa na feni. Safari hii nilishusha hadi 160, nikaweka sufuria katikati bila kuigusisha ukuta, na nikaanza kuchungulia dakika kumi kabla ya muda wa zamani. Kijiti cha mshikaki kilitoka kikavu, na juu pakawa na rangi ya hudhurungi sawasawa, harufu ya iliki ikafika hadi kwa jirani.

Ushauri mmoja tu ulinishinda: karatasi ya kuokea niliyotandika bila kuibana ilipeperushwa na feni ikaangukia mkate, kwa hiyo sasa naikata kwa kipimo cha sufuria. Samaki wa kuoka nimewajaribu pia, wakakauka kidogo. Wiki ijayo nitawafunika.