Yule MC amemvua mwanangu jezi ya Matthews, na safari hii sinyamazi!

Mama_Theluji:

Wakuu, ni saa nane na robo usiku na usingizi sina. Nimerudi kutoka kwenye kile kipaimara cha Brampton, nimekaa jikoni na koti langu, hata viatu sijavua. Wa Toronto wote mnajua ni sherehe gani na mnajua namsema nani. Simtaji. Mtu ukimkabidhi kipaza sauti saa moja jioni anakirudisha betri imekufa na watoto wameota ndevu, wa nini kumtaja?

"Huyo aliyefunga mabao manne wakafungwa?"

Hivyo ndivyo alivyomwambia mwanangu. Mbele ya ukumbi mzima. Mtoto wa miaka tisa!

Aliita watoto mbele akawauliza mmoja mmoja wakikua wanataka kuwa nani. Daktari, makofi. Rubani, vigelegele. Ikafika zamu ya mwanangu, kavaa jezi yake namba 34 ya Matthews, yule nyota wa hoki ya barafu wa timu yetu ya Toronto Maple Leafs, ile niliyoinunua kwa zamu za usiku wiki mbili. Kasema, kwa kasauti kadogo lakini kasema: "Nataka kuwa kama Auston Matthews." Yule bwana akacheka mpaka tai ikahamia mgongoni. "Huyo aliyefunga mabao manne wakafungwa? Mwanangu, hiyo si sifa, hiyo ni pilau bila nyama!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata waliokuwa chooni walicheka, niliwasikia.

Mabao manne, jamani. Mechi ya KWANZA ya maisha yake NHL, ligi kuu ya hoki huku Amerika Kaskazini! Tarehe 12 Oktoba 2016, ugenini Ottawa, kijana ana miaka 19 na siku 25. Katika enzi hizi za ligi hakuna aliyewahi kufunga manne siku ya kwanza kazini. Hakuna! Lile la pili kapenya katikati ya watu kama anapita Kariakoo siku ya sikukuu, mpaka akampokonya kisahani, ndio mpira wao wa hoki, Erik Karlsson, beki aliyekuwa tayari na tuzo mbili za beki bora wa ligi nzima. Kamera ikamwonyesha mama yake jukwaani, machozi yanamtoka. Ule ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Kanada, sijui hata kanuni moja ya hoki, na nililia naye. Mama kutoka Hermosillo, Mexico, kamlea mtoto katika joto la Arizona, leo mtoto anaonyesha maajabu juu ya barafu. Mimi wa Tanga nisilie?

Ndiyo, walifungwa 5-4 muda wa nyongeza. Na unajua aliyejilaumu ni nani? Yeye mwenyewe! Kafunga manne halafu kawaambia waandishi kwamba bao la mwisho ni kosa lake, mtu aliyepaswa kumkaba alimwachia. Miaka 19. Wewe MC una zaidi ya hamsini, lini ulikiri kosa?

Mngedhani ataishia hapo. Wapi! Akaongeza: "Huyo hata Uswisi alikimbilia baada ya kukataliwa huku."

Nilikuwa na sahani mkononi. Nilitaka kuirusha.

Nani alimkataa? NANI? Kijana kazaliwa 17 Septemba 1997. Ili timu za NHL zimchague mwaka 2015, kwenye ule mgawo wao wa vijana wa kila mwaka, alitakiwa awe amezaliwa kufikia tarehe 15. Siku mbili! Angekaa mwaka mzima akicheza na watoto wenzake, na hao watoto alishawamaliza: msimu wa 2014-15, kwenye programu ya taifa ya vijana wa Marekani kule Michigan, alipata pointi 117, yaani mabao pamoja na pasi za mabao, na kuivunja rekodi ya nyota Patrick Kane ya 102. Na hapo alikuwa ametoka kuvunjika mfupa wa paja mwanzoni tu mwa msimu wake wa kwanza kule. Basi akaamua kwenda kucheza na wanaume wenye ndevu, ZSC Lions ya Zurich. Mama yake na dada yake wakafunga mizigo wakaenda kuishi naye. Mechi 36, mabao 24. Huko ndiko "kukimbilia"? Juni 2016 Maple Leafs wakamchukua wa kwanza kabisa, kabla ya kijana mwingine yeyote duniani.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Baada ya keki nikamtafuta mwanangu simwoni. Nikamkuta anatoka msalani. Jezi kaigeuza ndani nje. Mshono wa bega umekaa nje, ile 34 inaonekana kivuli tu, nyuma mbele. Nikamuuliza, "Baba, mbona hivyo?" Akasema, "Nimesikia joto." Nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri!

Kasema joto.

Miaka mitatu naamka saa kumi na moja alfajiri kumpeleka mazoezini. Namkaza kamba za vile viatu mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi, kwa sababu anasema nikilegeza kidogo kifundo kinacheza. Leo mtu mmoja na kipaza sauti kamfanya ageuze jezi. Huyo mtu nataka aombe radhi, kwa kipaza sauti kile kile alichotumia.

Kiroboto_wa_Scarborough:

Nimekaa mstari wa mbele na karanga zangu.

Mzee_Mapengo:

Nilikuwepo. Nilicheka, sikufichi. Ila nilicheka ile ya pilau bila nyama, kwa sababu meza yetu ilipata pilau bila nyama kweli kweli.

Mama_Theluji:

Mzee Mapengo, shikamoo, lakini leo hapana. Ulicheka mtoto akiwa amesimama pale mbele!

Mangi_Winnipeg:

Dada pole, mtoto asiguswe. Lakini kwenye hoki tuseme ukweli. Mwaka ule mgeni bora alikuwa Patrik Laine wetu wa timu ya Winnipeg. Wiki moja tu baada ya hayo mabao manne yako, tarehe 19 Oktoba 2016, Matthews kaja hapa Winnipeg. Toronto wanaongoza 4-0. Laine kafunga matatu, la tatu muda wa nyongeza, tumewageuza 5-4. Matthews alikuwa amebaki na kipa peke yake sekunde chache kabla, kakosa, Laine kaenda upande wa pili kamaliza. Nilikuwa uwanjani, sauti ilinikauka siku mbili. Hiyo sherehe mbona hamkuisimulia?

Mama_Theluji:

Mangi, Laine alimaliza msimu na mabao 36. Matthews 40, bila kukosa mechi hata moja kati ya 82. Tuzo ya mchezaji bora mgeni, wa msimu wa kwanza, ilikwenda wapi? Toronto. Toronto iliyokuwa ya mwisho ligi nzima mwaka mmoja kabla, ya 30 kati ya 30, ikaingia mtoano na huyo huyo "wa pilau bila nyama". Washington waliwatoa kwa mechi sita na bado kijana alifunga manne kwenye mfululizo ule. Na Januari mosi 2017, ile mechi ya nje kando ya ziwa, baridi inakata masikio, bao la ushindi la muda wa nyongeza dhidi ya Detroit alifunga nani? Usinichokoze usiku huu.

Mangi_Winnipeg:

Haya mama, nimetoka.

Kiroboto_wa_Scarborough:

Povu limejaa jikoni, funga bomba.

Binti_wa_Jersey:

Wana-Toronto mnajua kulia! Mchezaji wenu kaanza na mabao manne na bado mna malalamiko. Hebu njooni huku New Jersey mtusikilize sisi wa Jack Hughes, mchezaji wa timu yetu ya Devils. Kachaguliwa wa kwanza 2019, watu tumepika, tumevaa nyekundu, msimu wake wa kwanza mechi 61, mabao SABA. Mume wangu alinisema asubuhi, mchana na jioni. "Mtoto wako yuko wapi leo?" Kwenye simu ya mama mkwe ananisema! Kila nikimwambia subiri, kijana ana miaka 18, mwili bado wa shule, anacheka. Msimu wa 2022-23 Hughes kapata pointi 99, rekodi ya timu yetu. Nilizibandika kwenye friji kwa karatasi nyekundu. Mpaka leo mume hajasema neno. Nasubiri.

Mama_Theluji:

Binti wa Jersey, wewe umenielewa. Kijana anapewa msimu mmoja, mtu kashamzika.

Mjomba_Phoenix:

Nyie wote mna timu. Mnalalamika mkiwa na timu!

Mimi nipo Arizona tangu 2009. Huyo Matthews ni wa huku, Scottsdale, alikua akienda kuwatazama Coyotes, timu yetu ya NHL, ndiko alikoipendea hoki. Jangwani! Kila mtoto wa huku aliyeshika fimbo alikuwa anaambiwa mtazame Matthews, ametokea hapa hapa kwenye mchanga na michongoma. Binti yangu naye. Mwaka 2024 timu ikachukuliwa ikapelekwa Salt Lake City, Utah, wachezaji wote, kama mtu anavyohamisha makochi. Mechi ya mwisho watu wazima walikaa kwenye viti wanalia, hawataki kutoka. Nina jezi nne kabatini za timu ambayo haipo. Huyo mtoto wako kaigeuza jezi, sawa, inaumiza, lakini akiigeuza tena kuna timu ya kushangilia. Mimi nigeuzie wapi?

Mzee_Mapengo:

Aisee Mjomba, pole sana. Hiyo ni msiba kabisa.

Kiroboto_wa_Scarborough:

Tumtangazie arobaini.

Wanjiku_Edmonton:

Aki nyinyi watu. Mimi nasikitika na huyo MC kwa sababu nyingine. Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu alisema Mwafrika na barafu ni kama samaki na baiskeli. Nikamwambia kaka, Nairobi tuna Ice Lions, timu ya hoki, wanafanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli pale Mombasa Road, na 2018 walikuja hapa Kanada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL. Akaniambia nakunywa nini. Nilimwonyesha video kwa simu yangu, akaishika, akaitazama, akasema "hao wamevaa tu." Wamevaa tu! Wanateleza mbele ya macho yake!

Mama_Theluji:

Ndiye huyo huyo! Hiyo ndiyo tabia yake, Wanjiku. Unamwonyesha kitu kwa macho, anakwambia hakipo. Mabao manne yapo, video ipo, "wakafungwa". Mtoto kasimama mbele yake na jezi, haoni mtoto, anaona kichekesho.

Shem_Babu:

Mimi sijui hoki, naomba kuuliza. Mtu akifunga mabao manne na wenzake wanaruhusu matano, kosa ni lake au la kipa?

Mangi_Winnipeg:

La kipa.

Mzee_Mapengo:

La kamati ya maandalizi.

Shem_Babu:

Kamati ipi?

Mzee_Mapengo:

Ya kipaimara. Nilichanga dola mia na hamsini. Meza namba 11, ile ya karibu na mlango, tulihudumiwa mwisho. Baridi inaingia kila mtu akifungua. Pilau lilipofika lilikuwa wali wenye rangi. Nyama sikuiona, viazi viwili. Wanasema watu walikuja bila kadi. Nani alikuwa mlangoni?

Mama_Theluji:

Mzee wangu, mada ni jezi ya mtoto.

Dada_Mkuu_Mississauga:

Mlangoni nilikuwa mimi. Na niseme wazi, waliokuja bila kadi ni familia mbili tu, na mojawapo ilikuja na MC mwenyewe, watu saba! Nikimzuia mtu wa MC nani ataongoza shughuli? Na nyama haikupungua, nyama ilibaki jikoni kwa sababu lile sufuria kubwa halikupatikana, tukapika kwenye madogo matatu, moja likaungua.

Wanjiku_Edmonton:

Watu saba bila kadi, halafu anacheka mtoto wa wenyewe!

Shem_Babu:

Sufuria kubwa lipi? Lile la umoja, la mishikio miwili?

Dada_Mkuu_Mississauga:

Hilo hilo. Liliazimwa mwezi wa nane kwenye arobaini ya kule Hamilton, halijarudi.

Mzee_Mapengo:

Ahaa! Kumbe!

Mama_Theluji:

Jamani. Nimepanda juu kumwangalia, amelala na jezi ile ile, bado imegeuzwa. Nimeigusa mshono wa begani, sikutaka kumwamsha. Mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi, yaani baada ya masaa matatu. Sijui kama ataamka.

Binti_wa_Jersey:

Ataamka mama. Mkaze kamba.

Shem_Babu:

Hamilton nani alilichukua? Maana mimi siku ile nilibeba viti tu, nisije nikatajwa.

Dada_Mkuu_Mississauga:

Hakuna aliyekutaja Shem, mbona unajihami?

Mzee_Mapengo:

Shem, fungua buti la gari lako upige picha uiweke hapa.

Shem_Babu:

Mfuniko ninao. Sufuria sina.