Mhuri wa pasipoti Ulaya unaachwa: tumepona au tumebanwa?

Mtoto wa Pangani: Wakuu, tangu Oktoba 12, 2025 nchi 29 za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zimeanza kumsajili kwa kompyuta kila mgeni wa muda mfupi: picha ya uso, alama za vidole, siku aliyoingia, siku aliyotoka. Mhuri unaachwa. Sisi waombaji wa viza tunafaidika nini? Mimi napinga. Mhuri wa kutoka niliutembeza mwenyewe, ofisa wa ubalozi akiuliza namfunulia ukurasa. Sasa ushahidi kwamba nilirudi nyumbani anao yeye.

Baba Naima: Wanaolia ni wenye mpango wa kuzamia. Unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, kuna ugumu gani? Wanaozidisha ndio waliotuharibia viza.

Mtoto wa Pangani: Nani mzamiaji? Unanijua? Nimerudi kila safari. Chunga ulimi.

Dada wa Utrecht: Vidole kwetu si jambo jipya. Vyote kumi tulishavitoa kwenye viza, mpakani wanalinganisha tu. Walioshtuka ni Waingereza na Wamarekani. Kinachoniuma ni mama yangu. Amelima mihogo maisha yake yote, alama zimelika. Anabandika mkono, mashine inakataa. Anafuta kiganja kwenye kanga, anabandika tena, foleni inaguna, ofisa anamfokea kwa lugha asiyoijua.

Baba Naima: Pole. Lakini asiyesomeka vidole si abaki kijijini, mtoto ndiye aje kumsalimia?

Dada wa Utrecht: Abaki?! Mama yangu ana viza halali na mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Wa kwako ungemwambia hivyo?

Mjukuu wa Bi Mkubwa: Baba Naima, hapo umevuka mpaka. Mafundi ujenzi wangapi wamehangaika na vidole kusajili laini za simu hapahapa Tanzania? Nao wasiwe na simu?

Baba Naima: Laini ni laini, mpaka ni mpaka. Mbona Kenya hamuisemi? Tangu Januari 2024 mgeni anajisajili mtandaoni, walianza na dola 30. Zanzibar nayo ina bima ya lazima ya dola 44. Kila mtu ana mlango wake.

Mwana Mvita: Usitutie sisi. Wewe Mtanzania hudaiwi hiyo ya Kenya, umesamehewa kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unasemea usichokilipa.

Baba Naima: Mwingereza analipa. Ndiyo hoja yangu.

Mtoto wa Pangani: Jamani, turudi kwenye mhuri. Kumbukumbu zinakaa miaka 3, na kutoka kwako kusipoandikwa, miaka 5. Mfumo ukikosea, utajitetea na nini?

Mwana Mvita: Weka tiketi na kipande cha kupandia ndege. Lakini huyu kwanza aeleze Kenya imemkosea nini.

Dada wa Utrecht: Kenya baadaye. Baba Naima, mama yangu umemsemea vibaya mbele za watu. Nangoja umwombe radhi.